Kwaki nzito kwenye kipande cha kaboni

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita na walimu wa fizikia, Mtwara mjini. Imeandikwa upya kutoka kwenye maelezo ya mzungumzaji, pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa mwishoni.

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi wa Mtwara, na nyie mliotoka Lindi, Masasi na Newala kwa basi la alfajiri, habari za safari.

Mwalimu aliyenialika alinipa sharti moja. Alisema, "Usituletee picha za sayari, hizo wameshaziona." Sawa, leo hakuna sayari. Leo ni kaboni.

Kaboni mnayo. Pale Ruangwa, mkoani Lindi, kuna madini ya kinywe, na kinywe ni kaboni. Kila mwekezaji akija anazungumzia betri za magari, na wala simlaumu, ndiko iliko biashara. Ila kaboni ina kazi nyingine ambayo haitajwi kwenye mikutano ya vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, jijini Hamburg, Ujerumani, wanafizikia wa jaribio lililoitwa HERA-B walichukua nyaya nyembamba, baadhi za kaboni, baadhi za titani na tungsteni, wakazisogeza polepole mpaka ukingoni mwa mwale wa protoni zenye nishati ya GeV 920. Waya ukatulia pale pale. Protoni zikaja zenyewe, zikaugonga, na vigunduzi vilivyopangwa nyuma ya waya vikapokea kilichotoka. Mpangilio wa namna hii ndio unaitwa shabaha tuli: kinachokimbia ni mwale, kinachogongwa kimekaa.

Kilichokuwa kinatafutwa ni kwaki nzito, ndugu wazito wa chembe ndogo zinazounda protoni, nami nimekuja kuwaeleza zinavyotafutwa. Nitakaa zaidi kwenye kutafuta kuliko kwenye kupata, kwa sababu naamini ugumu wote uko huko, na nafasi yenu iko huko huko.

Tuanze na kipimo. GeV ni kipimo cha nishati. Tungamo la protoni moja, ukiligeuza kuwa nishati kwa kanuni ya Einstein, linakuwa GeV 0.938. Kwa hiyo kila nikitaja GeV moja, sikieni "protoni moja hivi". Protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki nyepesi za aina mbili, juu na chini. Zipo aina nyingine nne: strenji, chamu, botomu na topu. Hizi tatu za mwisho ndizo nzito. Chamu peke yake ina kama GeV 1.3, yaani ni nzito kuliko protoni nzima. Botomu ina kama 4.2. Topu ina 173, sawa na kuibana atomu nzima ya tungsteni ndani ya chembe moja isiyo na sehemu.

Hizi hamtazichimba Ruangwa. Hazidumu. Lazima zitengenezwe upya kila mara kutoka kwenye nishati, na zinakuja kwa jozi, kwaki na kinzani yake, yaani pacha wake mwenye chaji ya kinyume. Ndiyo maana bei yake ni ya kulipia mara mbili.

Bei yenyewe tuihesabu, chukueni kalamu. Protoni yenye nishati E ikigonga protoni iliyotulia yenye tungamo m, nishati inayoweza kutumika kutengeneza vitu vipya, ukiinyanyua kwa kipeo cha pili, ni karibu sawa na 2 mara E mara m. Wekeni E ya GeV 800, nishati iliyokuwa ikitumika maabara ya Fermilab karibu na Chicago. Jibu ni kama GeV 39. Thelathini na tisa kutoka mia nane! Zilizobaki zinaishia kuusukuma mzigo wote mbele, maana momenta, yaani msukumo wa kitu kinachokimbia, haipotei, na hamwezi kuidai irudi. Mbaya zaidi, jibu linakua kwa kipeo cha nusu: mkitaka maradufu, mtambo uwe na nguvu mara nne. Miale miwili ya GeV 800 ikikutana uso kwa uso inatoa GeV 1,600 zote, hakuna hasara.

Mwenye akili ya biashara hapa atauliza kwa nini mtu ahangaike na shabaha tuli. Swali zuri, na miaka ya 1980 na 1990 liliulizwa hata na waliokuwa wanagawa fedha.

Jibu la kwanza ni kwamba kwa chamu, GeV 39 ni nyingi. Kutoa jozi ya chamu, chembe nyepesi kabisa zinazoruhusiwa kutoka ni protoni, lamda ya chamu (baryoni, yaani chembe ya kwaki tatu, moja ikiwa chamu) na mesoni D (kwaki moja na kinzani moja, mmojawapo akiwa wa chamu). Jumlisheni matungamo yao mnapata kama GeV 5.1, na mkirudi kwenye kanuni yetu mwale unatakiwa uwe na kama GeV 13 tu. Botomu inaanza kwenye kama GeV 74. Hapo mlangoni uzalishaji ni haba sana, lakini Fermilab na CERN, maabara ya Ulaya iliyoko Geneva, walikuwa mbali na mlango, walikuwa ndani sebuleni. Jibu la pili ni wingi. Miale miwili ikikutana, protoni nyingi hupishana bila kugusana. Ukiweka kipande cha metali mbele ya mwale, mwale hauna pa kupitia ila kwenye viini vya atomu. Na jibu la tatu ni ule msukumo wa mbele niliousema kama hasara. Utageuka kuwa faida, nitaufikia.

Historia nitaipitia haraka, isipokuwa sehemu moja. Mwaka 1971 Mjapani Kiyoshi Niu na wenzake walipandisha tabaka za filamu ya picha kwenye ndege ya mizigo, wakanasa chembe zinazoshuka kutoka anga za mbali, na kwenye filamu wakaona mkia wa chembe iliyokufa mapema mno. Tukiitazama leo, ile ilikuwa chamu. Wakati huo wengi hawakuitilia maanani. Novemba 1974 Samuel Ting na kundi lake, maabara ya Brookhaven, walikuwa wanagongesha protoni za karibu GeV 30 kwenye beriliamu na kupima jozi za elektroni na positroni, kinzani ya elektroni. Kwenye grafu, pale GeV 3.1, pakasimama kilele chembamba kisichofanana na chochote kilichojulikana. Wiki hizo hizo Burton Richter, ng'ambo ya pili ya Marekani, aliipata chembe ile ile kwa miale inayogongana. Mmoja aliita J, mwingine psi, na hakuna aliyekubali kushuka, kwa hiyo vitabu vinaandika J/psi. Ni chamu na kinzani yake zimeshikana. Wote wawili walipata Nobeli mwaka 1976.

Sehemu ninayotaka tukae ni ya Leon Lederman. Huyu alikuwa Fermilab, akigongesha protoni za GeV 400 kwenye metali na kutazama jozi za chembe zinazotoka. Mwaka 1976 kundi lake lilitangaza kwamba kuna kitu kwenye GeV 6. Vipimo vichache vilikuwa vimerundikana mahali pamoja, vikatosha kumvutia mtu. Wakaipa jina upsiloni. Wakakusanya takwimu zaidi, na kile kirundo kikayeyuka. Wenzao wakawatania, wakaichezea herufi na kuiita "Oops-Leon". Kundi halikufunga virago. Walibadilisha mtambo, wakahamia kwenye jozi za miuoni, ndugu wazito wa elektroni, wakaweka vizuizi vizito ili chembe nyingine zisipenye, na mwaka 1977 kwenye GeV 9.5 kikapanda kilele ambacho kila wakiongeza takwimu kilizidi kuwa kirefu. Hiyo ndiyo ilikuwa botomu na kinzani yake, na jina la upsiloni likahamishiwa kwake.

Wanafunzi, kirundo cha 1976 hakikutokana na uvivu. Ukitazama grafu yenye safu hamsini, safu moja itapanda bila sababu. Hilo ndilo jambo la kawaida, na safu zote kukaa sawasawa ndilo lingekuwa ajabu. Wanaofundishwa hesabu za uwezekano kwa kutupa sarafu mara kumi halafu basi wanaibiwa. Mtupieni mwanafunzi sarafu mara elfu kadhaa, mwambieni atafute mahali ambapo kichwa kimetokea mara nane mfululizo, atapata, na atataka kuandika makala.

Sasa nirudi kwenye msukumo wa mbele.

J/psi na upsiloni zina kilele kinachoonekana kwa sababu zinagawanyika kuwa elektroni mbili au miuoni mbili, chembe safi zinazopimika vizuri. Lakini sehemu kubwa sana ya chamu haitoki ikiwa imeshikana na kinzani yake. Kila moja inaenda njia yake, inashika kwaki nyepesi na kuwa mesoni D au baryoni. Hizo zinagawanyika kuwa kaoni na pioni, mesoni nyepesi zaidi, na kwenye mgongano wowote kaoni na pioni zimejaa tele. Utajuaje kwamba hizi mbili zimetoka kwenye chamu na zile kumi zimetoka kwenye mgongano wenyewe?

Mesoni D isiyo na chaji inaishi wastani wa pikosekunde 0.41, na pikosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa milioni mara milioni. Ingekuwa imetulia, ingekufa hapo hapo ilipozaliwa. Haijatulia. Imerithi ule msukumo. Yenye nishati ya GeV 60, saa yake inakwenda polepole mara 32 kwa kanuni ya uhusianifu, na kabla ya kufa inakuwa imesafiri wastani wa milimita nne. D yenye chaji, inayoishi pikosekunde 1.04, inafika kama sentimita moja. Tazameni rula zenu. Urefu huo unaonekana kwa macho! Nishati tuliyoililia kuwa imepotea ndiyo imeuvuta uhai wa chamu mpaka ukapimika.

Kuupima kunahitaji kigunduzi kinachoona tofauti ya mikroni chache, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita, na hapo ndipo silikoni ilipoingia. Bamba jembamba la silikoni linachorwa mistari iliyoachana kwa mikroni 25 au 50, chembe ikipita inaacha chaji kwenye mstari ulio karibu, mistari inasomwa kwa umeme. Unapanga mabamba kadhaa nyuma ya shabaha, unarudisha njia za chembe kinyumenyume, na unaona kwamba nyingi zinakutana ndani ya shabaha, ila mbili au tatu zinakutana milimita kadhaa mbele yake. Hizo ndizo zetu. Teknolojia hii ilianza CERN mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fermilab waliichukua kwenye jaribio la E691, lililotumia fotoni, chembe za mwanga, badala ya protoni, wakajenga upya chamu kama 10,000. Kabla ya hapo watu walikuwa wanahesabu kwa makumi na mamia.

Jaribio ninalolipenda ni lililokuja baadaye, E791, la mwaka 1991 na 1992. Mwale wake ulikuwa wa pioni hasi za GeV 500. Nataka muione shabaha yake kwa karibu. Vilikuwa vipande vitano tu: cha kwanza cha platinamu, unene nusu milimita, vinne vilivyofuata vya almasi ya viwandani, unene milimita 1.6 kila kimoja. Kati ya kipande na kipande, nafasi ya sentimita moja na nusu hivi. Basi.

Kwa nini vyembamba, na kwa nini nafasi? Kwa sababu chembe nyepesi iliyotoka kwenye mgongano ikigonga kiini kingine ndani ya shabaha ile ile, inatoa kirundo kipya cha chembe kinachofanana sana na kifo cha chamu. Lakini hewani, kati ya kipande na kipande, hakuna viini vya kutosha kugongwa. Chembe mbili zikizaliwa kwenye nafasi tupu, karibu hakika ni chamu iliyokufa. Waliotengeneza shabaha ile waliipima nafasi kwa kuzingatia D inasafiri umbali gani. Mimi kila nikiiona michoro yake huwa nasema huyu fundi alikuwa na heshima.

Na kwa nini platinamu na almasi pamoja? Hapa kuna fizikia tamu. Migongano ya kawaida haiongezeki sawasawa na idadi ya nyukleoni, yaani protoni na nyutroni, ndani ya kiini, idadi tunayoiita A. Inaongezeka kama A kwa kipeo cha 0.7 hivi, kwa sababu nyukleoni za mbele zinazikinga za nyuma. Uzalishaji wa chamu, majaribio yalipoupima, ulionekana kwenda na A kwa kipeo kilicho karibu kabisa na 1. Kila nyukleoni inapata zamu yake, ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo kwa kila mgongano mmoja, platinamu inatoa chamu karibu maradufu ya kaboni. Basi jaza platinamu? Hapana, kwani platinamu inazipindisha chembe zinazotoka na kugeuza fotoni kuwa manyunyu ya elektroni, na njia ulizotaka kuzipima kwa mikroni zinavurugika. Almasi ni kaboni iliyobanana sana lakini yenye chaji ndogo kwenye kiini, hivyo inagongwa vizuri na haichafui. Kuwa na zote mbili kunakuruhusu pia kulinganisha, ndipo kile kipeo kinapatikana.

Baada ya hapo E791 wakafanya jambo ambalo wengi waliliona la kizembe. Chamu hutokea kama mara moja katika migongano elfu. Desturi ilikuwa kuweka chujio la umeme linaloamua papo kwa papo nini cha kutunza. Wakulima wa Tandahimba wanazijua taratibu za namna hii: korosho unazianika, unachambua daraja la kwanza na la pili, ndipo unapeleka ghalani. E791 walipeleka ghalani magunia yote, mabovu na mazima, wakasema tutachambua mwaka ujao. Chujio lao lilikuwa legevu makusudi, maana chujio kali linatupa na vile usivyojua kwamba ungevitaka. Walirekodi migongano bilioni 20 kwenye kanda 24,000 za milimita 8, zile zile ndogo za kamera za video za wakati huo. Jumla terabaiti 50. Leo mnazibeba kwenye begi. Mwaka 1992 zilikuwa shehena.

Uchambuzi ulichukua miaka. Hakukuwa na kompyuta moja ya kuutosha, kwa hiyo kanda ziligawanywa: nyingine zikabaki Fermilab, nyingine zikaenda vyuo vya Marekani, na nyingine zikasafirishwa hadi Rio de Janeiro, kwenye kituo cha utafiti wa fizikia cha Brazil, CBPF. Huko hakukuwa na mtambo hata mmoja wa kufikia GeV 500. Kulikuwa na kompyuta, watu waliojua takwimu, na makubaliano. Mwishoni chamu zaidi ya 200,000 zilijengwa upya. Mnielewe vizuri, sisemi ilikuwa rahisi. Nasema mahali kazi ilipokwama palikuwa kwenye kuchambua, na kuchambua hakuhitaji handaki la kilomita kadhaa.

Walipata nini? Mambo mengi, nitachukua moja. Nadharia, katika hatua yake ya kwanza, inasema gluoni mbili, chembe zinazozishikanisha kwaki, zinaungana na kutoa chamu na kinzani yake kwa usawa, bila upendeleo. Lakini pioni hasi imeundwa kwa kwaki ya chini na kinzani ya juu. Mesoni D hasi imeundwa kwa kwaki ya chini na kinzani ya chamu. Wana ndugu mmoja, kwaki ya chini. D chanya haina ndugu kwenye pioni hiyo. E791 walipotazama chembe zinazokimbilia mbele kabisa, zilizobeba sehemu kubwa ya nishati ya mwale, D hasi zilikuwa nyingi kuliko D chanya, na tofauti ilizidi kadiri walivyotazama mbele zaidi. Maana yake ni kwamba chamu haijitegemei baada ya kuzaliwa; mabaki ya chembe iliyogonga yanaivuta, yanaolewa nayo. Hesabu safi za kwaki na gluoni peke yake hazitoshi. Ukiniuliza, matokeo haya yana thamani kuliko vilele vingi vilivyopewa zawadi, kwa sababu yanakuonyesha mahali hasa nadharia inapoishia.

Na nadharia kwa chamu ina shida nyingine. Chamu ni nzito, lakini siyo nzito vya kutosha. Ukibadilisha kidogo tungamo unaloweka kwenye hesabu, mathalani kutoka GeV 1.3 hadi 1.5, jibu la kiasi cha chamu kinachozalishwa linayumba vibaya. Botomu inatulia zaidi, ila huzalishwa mara chache mno: HERA-B kwa GeV 920 ilihitaji kupekua mamilioni ya migongano kwa jozi moja. Ndiyo sababu majaribio hayaachwi. Hesabu zinahitaji kushikwa mkono.

Kuhusu J/psi ndani ya viini vizito, ambako wanafizikia Matsui na Satz walitabiri mwaka 1986 kwamba ingeyeyuka kwenye joto kali, na jaribio la NA50 la CERN likaona imepungua kiini cha risasi, ile metali nzito, kilipogonga kingine, ningehitaji asubuhi nyingine. Tuiache.

Mtambo wa kisasa wa Geneva, LHC, umejengwa kwa miale inayogongana, lakini hata wao wamerudi kwenye shabaha tuli. Jaribio la LHCb hupuliza gesi kidogo ndani ya bomba la mwale, heli, neoni au agoni, na protoni za GeV 6,500 zikigonga gesi hiyo nishati inayotumika ni kama GeV 110. Mwaka 2019 walichapisha vipimo vya chamu kwa njia hii. Moja ya maswali ni kama ndani ya protoni kuna chamu kidogo ya kudumu, kabla hata ya kugongwa, wazo lililoandikwa na mwanafizikia Brodsky na wenzake mwaka 1980. Kundi la NNPDF mwaka 2022 lilisema dalili zipo, kwa kiwango cha sigma tatu, sigma ikiwa kipimo cha jinsi ishara inavyozidi kuyumba kwa bahati tu. Sigma tatu kwetu ni sababu ya kuendelea kutafuta. Ugunduzi huanzia sigma tano. Mkumbuke GeV 6.

Ningependa pia mjue kwamba shabaha tuli kubwa kuliko zote iko juu ya paa hili. Chembe kutoka anga za mbali zinagonga nitrojeni na oksijeni, zinatoa chamu, na chamu inakufa haraka kabla haijapoteza nishati, ikitoa nyutrino kali, chembe zisizo na chaji zinazopenya karibu kila kitu. Walio kwenye jaribio la IceCube, Ncha ya Kusini, wanazihitaji hesabu hizi ili watofautishe nyutrino za hewani kwetu na zile za mbali. Sehemu ya nambari wanazotegemea inatoka kwenye shabaha tuli kama zile nilizowaeleza.

Nitasema jambo moja kuhusu sisi, kisha maswali. Huwa nasikia kwamba fizikia ya chembe ni ya nchi tajiri. Kwa mitambo, ni kweli kabisa, na atakayewaambia Tanzania ijenge mtambo wa GeV 800 anawapotezea muda. Kwa uchambuzi, si kweli tena. LHCb walianza kuweka takwimu zao wazi kwa umma mwaka 2022, na mikusanyo mingine ya CERN iliwahi kutangulia. Kuna Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanzia Stellenbosch mwaka 2010 na kufika Kigali mwaka 2016, inayochukua wanafunzi wa vyuo kutoka bara zima. Kinachowazuia vijana wetu ninaokutana nao ni takwimu na kuandika programu. Wengi wanakuja chuo wakiwa na A ya fizikia, wanaijua kanuni ya Snell kwa moyo, lakini hawajawahi kuchora grafu ya vipimo zaidi ya kumi na viwili. Walimu wenzangu, hilo tunaweza kulirekebisha kwa kompyuta moja ya shule na saa mbili za Jumamosi.

Karibuni kwa maswali.

*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi: Mwalimu, haya yote yanamsaidia nini mkulima?*

Moja kwa moja, hayamsaidii, na sitaki kukuuzia maneno. Chamu haitapandisha bei ya korosho mnadani. Ila vigunduzi vyake vina ndugu walio kazini: gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati, ilitafutwa na visima vyake vikapimwa kwa vifaa vinavyoshushwa shimoni na kusoma miale ya gama na nyutroni zinazorudi kutoka kwenye mwamba. Anayejua kusoma kigunduzi cha aina moja hapati shida kwenye kingine. Nikiwa na kijana aliyezoea kutenganisha ishara na kelele, ninampeleka kwenye gesi, hospitali au benki bila wasiwasi.

*Mwalimu wa fizikia, Masasi: Nilisoma kwamba jaribio moja la shabaha tuli liliona baryoni yenye chamu mbili, halafu likakanushwa. Ilikuwaje?*

Ni SELEX, la Fermilab. Mwaka 2002 walitangaza baryoni yenye chamu mbili kwenye MeV 3,519 (MeV 1,000 ni GeV 1). Majaribio mengine, FOCUS, BaBar na Belle, walitafuta wasiione pale. Mwaka 2017 LHCb waliona ndugu yake mwenye chaji mbili, kwenye MeV 3,621, kwa kilele kisicho na ubishi. Ndugu wawili hawa wanatofautiana kwa kwaki moja tu, ya juu badala ya chini, na tofauti yao inatarajiwa kuwa MeV chache, siyo mia moja. Kwa hiyo zote mbili haziwezi kuwa sahihi, na mimi niko upande wa LHCb. SELEX walikuwa na matukio machache sana.

*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Mtwara: Na topu, inaweza kupatikana kwa shabaha tuli?*

Umeshapewa kanuni, tuihesabu pamoja. Jozi ya topu inahitaji GeV 346. Ipandishe kwa kipeo cha pili, unapata kama 119,700. Gawanya kwa mara mbili ya 0.938. Ngapi? Ndiyo, kama GeV 64,000. Mwale wa LHC una GeV 6,800, yaani hata wenyewe ni mdogo karibu mara tisa na nusu. Ndiyo maana topu ilisubiri miale miwili ya Tevatron, mtambo wa Fermilab, GeV 900 kila upande, mpaka ikatangazwa mwaka 1995. Chembe za anga zinafikia GeV 64,000 na kuipita kila siku, lakini wa kutandika silikoni angani bado hajapatikana.